Senti Tano kwa Saa ya Maji: Kisa cha Tovuti Ndogo ya Lamu na Matangazo Yake

Tovuti yenyewe si kubwa. Ina jedwali la maji kujaa na kupwa, nauli na saa za boti kati ya Mokowe na Lamu, boti za Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, na upande wa Kiingereza kurasa kadhaa za wageni: uwanja wa ndege wa Manda, njia ya kwenda Shela kwa miguu au kwa boti, siku za Maulidi, mashindano ya punda. Mwenyewe ni fundi simu wa Langoni, na huiandika usiku akishafunga duka. Kisa hiki nimekipanga mimi ili tukichambue, na hesabu zake ni za mfano. Masharti ya matangazo yaliyomo ndiyo anayokutana nayo yeyote anayefungua tovuti leo, na mji ni Lamu hiihii.

Ni Oktoba. Kaskazi haijaanza kuvuma, wageni wa Desemba ndiyo kwanza wanatafuta tiketi, na fundi wetu ana mambo matatu mbele yake. La kwanza, kuyaeneza kwenye kurasa zote matangazo ya AdSense, mfumo wa Google wa kuweka matangazo kwenye tovuti za watu, na kuiachia mashine ichague pa kuyaweka. La pili, mwenye boti mmoja amemwahidi shilingi 8,000 kwa mwezi ili ukurasa wa boti uwe wake peke yake. La tatu, kuwauzia wafanyabiashara wa mjini nafasi ndogondogo. Anataka tovuti ijilipie seva na jina lake la mtandaoni, ibaki na kitu juu yake, na watu wa visiwani waendelee kuifungua.

Kuingia kwenyewe hakukuwa rahisi. Ombi lake la kwanza la AdSense lilikataliwa kwa sababu inayowakuta wengi: maudhui yenye thamani ndogo. Jedwali la maji ni namba tupu, na mkaguzi haoni tofauti kati yake na majedwali mengine mia yaliyonakiliwa kutoka huku na kule. Mtu wa Lamu anaiona, kwa sababu anajua saa ya maji ndiyo saa ya safari. Maji yakiwa yamekupwa boti haifiki mji wa Pate. Abiria hushukia Mtangawanda na kumalizia njia kwa nchi kavu. Basi fundi akaandika hayo. Chini ya kila jedwali akaeleza bamvua, yaani maji makubwa, ni lini na maji mafu, yaani madogo, ni lini, kwa nini saa ya kujaa husogea kama dakika 50 kila siku, na boti ipi hungoja maji gani. Ombi la pili likakubaliwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya, na angeifanya hata kama hakuna tangazo duniani. Saa ya maji peke yake ni jibu la mstari mmoja, na injini ya utafutaji inaweza kulitoa bila mtu kufungua tovuti yoyote. Habari kwamba maji hayo yanamruhusu nani kuondoka haipatikani kwingine.

Kisha ikaja habari ya anwani. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye PIN, namba ya kuthibitisha anwani, na huchukua wiki mbili hadi nne kufika. Usipoiingiza PIN hiyo ndani ya miezi minne, matangazo husimamishwa. Nyumba za Langoni hujulikana kwa wenyewe, si kwa namba za mtaa, naye mara ya kwanza alijaza anwani kama anayemwelekeza mgeni: nyuma ya msikiti, nyumba ya baraza mbili. Barua haikufika. Alipoomba nyingine akaandika sanduku la posta la ami yake, namba ya sanduku kwanza, kisha 80500 na Lamu, basi. Anwani hii inasomwa na watu wa posta, na wao hawahitaji kujua baraza.

Sasa hesabu. Tuseme kurasa zake hufunguliwa mara 20,000 kwa mwezi wa kawaida. Mara 15,000 ni kurasa za Kiswahili, yaani maji na boti, na karibu wasomaji wote wako Kenya. Mara 5,000 ni kurasa za Kiingereza, na wasomaji wengi wako Ulaya. Tuseme upande wa kwanza unaleta senti 40 za dola kwa kila mara elfu, na upande wa pili dola 3 kwa kila mara elfu. Maji na boti zitaleta dola 6. Kurasa za wageni zitaleta dola 15. Jumla dola 21, na tukihesabu dola kwa shilingi 130 ni shilingi 2,730. Google hailipi mpaka zifike dola 100, kwa hiyo ni miezi mitano ya kungoja, kisha pesa ziingie benki kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, na benki nayo ikate ada yake ya kupokea pesa za nje.

Wengi wakiona hesabu kama hii husema kampuni inakula kila kitu. Si kweli. Tangu mwaka 2024, AdSense humpa mwenye tovuti asilimia 80 ya kinachobaki baada ya mfumo aliotumia mtangazaji kununulia kuchukua chake. Mtangazaji akipitia Google Ads, mfumo huo huchukua wastani wa asilimia 15. Katika shilingi 100 za mtangazaji zinabaki 85, na asilimia 80 ya 85 ni 68. Mgawo huo haumdhulumu fundi wetu. Kinachogawanywa ndicho kidogo.

Na ni kidogo kwa sababu mtangazaji hanunui ukurasa, ananunua msomaji. Kila ukurasa unapofunguka hufanyika mnada wa kufumba na kufumbua: ni nani huyu, yuko nchi gani, anashika simu gani, juzi alitafuta nini. Mtu wa Milano anayepanga kuja Shela Desemba hugombewa na mashirika ya ndege, hoteli, bima na benki za kwao. Mvuvi wa Kizingitini anayefungua jedwali saa kumi za alfajiri hana wengi wa kumgombea. Matokeo yake ni kwamba anayeihitaji tovuti zaidi ndiye anayeiletea kidogo zaidi, na hili halirekebishwi kwa kuongeza matangazo kwenye ukurasa wake.

Tumtazame huyo mvuvi kwa karibu. Simu yake ina kioo kidogo chenye ufa. Anafungua ukurasa wa maji. Jedwali linatokea kwanza kwa kuwa ni jepesi, na kabla hajasoma safu ya pili tangazo linashuka juu na kulisukuma chini. Kidole kilichokuwa kinaelekea kitufe cha “Kesho” kinaangukia kwenye picha ya mkopo wa simu. Ukurasa wa mkopo unafunguka, anarudi nyuma, anaanza upya. Mbonyezo huo wa bahati mbaya haumfaidi mtu. Mifumo ya Google huichuja mibonyezo ya namna hii, na ikizidi, akaunti huwekewa kikomo cha matangazo kwa wiki kadhaa.

Halafu kuna bando. Kwa hesabu yetu ya juu, ukurasa wa maji unaleta shilingi 52 kwa kila mara elfu, yaani kama senti tano kwa kila mara unapofunguliwa, sarafu ambayo watoto wa leo hawajapata kuishika. Sasa tuseme mvuvi amenunua bando ya MB 200 kwa shilingi 20, na matangazo ya ukurasa mmoja pamoja na programu zake yanakula nusu MB. Nusu MB hiyo imemgharimu senti tano. Alichotoa mvuvi kwa kampuni ya simu ili aonyeshwe tangazo ndicho hichohicho alichopata mwenye tovuti kwa kulionyesha. Mimi sioni biashara hapo. Ingekuwa tovuti yangu, ukurasa wa maji ungekaa bila tangazo la mtandao hata moja, na dola 6 hizo ningezisamehe bila majuto.

Vijana wa gatini wana ushauri wao: “Kaka, sisi hapa tuko wengi. Kila mtu akibonyeza mara moja kwa siku, si utatajirika?” Ni wema, na ndio utakaomponza. Masharti yanakataza mwenye tovuti kubonyeza matangazo yake mwenyewe au kuwaomba watu wamsaidie kubonyeza. Mibonyezo ya ghafla kutoka simu zilezile za mji uleule huonekana upesi; pesa hurudishwa kwa watangazaji na akaunti inaweza kufungwa moja kwa moja. Afadhali awaombe wamwambie nauli ikipanda.

Wageni na Maulidi

Kurasa za Kiingereza ni habari nyingine. Hapo mnada unamfaa, na matangazo yabaki, ila kuna kazi mbili za kufanya kabla ya Desemba.

Ya kwanza ni ridhaa. Tangu tarehe 16 Januari 2024, Google inamtaka mwenye tovuti anayeonyesha matangazo kwa wasomaji wa eneo la Umoja wa Ulaya na Uingereza kutumia chombo kilichoidhinishwa cha kuomba ridhaa yao kabla ya kutumia taarifa zao. Wengi huku kwetu huliona jambo hili kuwa la watu wa mbali. Fundi wetu hawezi kuliona hivyo, maana hao wa mbali ndio wanaomletea dola 15 katika kila 21. Bila ujumbe huo, matangazo wanayoonyeshwa ni yale yenye mipaka, ambayo bei yake huwa ya chini. AdSense ina ujumbe wake wa bure. Auwashe, na aandike pia ukurasa wa faragha unaosomeka, kwa kuwa Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Ya pili ni adabu. Ukurasa wa Maulidi ndio unaosomwa na watu wa kila namna: watu wa Mombasa, Tanga na Zanzibar wanaopanga safari, na wageni wanaotaka kuona zefe. Mwaka huu, katikati ya ratiba ya Msikiti wa Riyadha, likatokea tangazo la kutafutia wachumba, na chini yake la mtabiri wa nyota. Mzee mmoja alilipiga picha akalipeleka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa bila kuandika neno, na kutoandika neno kwake kulitosha. Aina zote mbili za matangazo zimo katika orodha ya mambo nyeti ambayo AdSense humruhusu mwenye tovuti kuyafungia, ila ni lazima aingie mwenyewe ayafungie. Kwa kawaida yako wazi. Ni kazi ya dakika chache, na hasara yake ya pesa ni ndogo mno. Na ninamshauri aondoe matangazo yote ya mtandao kwenye ukurasa wa Maulidi. Wasomaji wake wengi ni wa pwani, bei yao mnadani ni ileile ya mvuvi, na Rabiul Awwal inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo haina miadi na Desemba ambapo watangazaji wa Ulaya hufungua mifuko.

Kuhusu hilo la Desemba, ajue pia kwamba bei za matangazo hupanda kuelekea mwisho wa mwaka na kuanguka Januari. Lamu bado itakuwa imejaa wageni Januari, naye akiona mapato yameshuka ilhali wasomaji hawajapungua asidhani ameharibu kitu.

Ahadi ya mwenye boti

Shilingi 8,000 ni karibu mara tatu ya AdSense yote, na mwenye boti hakuja na hila. Alisema waziwazi: “Mwanangu, weka boti yangu peke yake. Hawa wengine leo saa nane, kesho saa tisa, kesho kutwa hawapo. Wewe unajiharibia jina kwa kuwaandika.” Ana hoja ndani yake. Saa za boti nyingine ni za kukisia.

Lakini anachotaka kununua kitakufa siku atakapokinunua. Abiria anayeteremka basi Mokowe akiwa ameambiwa boti ni moja, kisha akakuta nyingine mbili zimefunga gatini na nauli zake zimeandikwa ubavuni, ataacha kuifungua tovuti, na atawaambia wenzake. Ukurasa wa boti unaaminiwa kwa kuwa una boti zote, hata zinazochelewa. Tena mapato yote yakitoka mkononi mwa mtu mmoja, siku atakaposema nauli ya jirani yake iandikwe juu kidogo kuliko ilivyo, fundi atakuwa na jibu gani?

Jibu ninalolipendekeza si “hapana” kavu. Ampe nafasi iliyoandikwa wazi “Tangazo” juu ya ukurasa, yenye namba yake na saa zake, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na boti zote zibaki chini kwa mpangilio wa saa. Malalamiko yake juu ya saa za wengine ayageuze kazi: mbele ya kila boti iandikwe siku saa hizo zilipothibitishwa mara ya mwisho. Hapo boti inayoondoka kwa wakati itajitangaza yenyewe.

Yapo pia maombi yanayokuja kwa barua pepe kutoka kwa watu asiowajua, wanaotoa dola 50 ili awachapishie makala yenye kiungo cha tovuti ya kamari. Dola 50 ni zaidi ya miezi miwili ya AdSense yake. Kiungo cha kulipiwa kinatakiwa kutiwa alama ya kulipiwa kwenye msimbo wa ukurasa, yale maandishi ya kompyuta yanayouunda. Google iliweka alama maalumu ya viungo hivyo mwaka 2019. Hawa wanataka kisitiwe, na hiyo ndiyo sababu ya kulipa vizuri. Wageni wake wa Ulaya humfikia kupitia utafutaji. Akishushwa huko kwa kuuza viungo, dola 15 zake zinakwenda pamoja.

Barafu, injini na nyavu

Nafasi za mjini ndizo zenye pesa ya kweli, na ndizo zenye kazi. Muuza barafu hahitaji kuonekana na watu elfu wa Nairobi. Anawahitaji wavuvi ambao kesho wanatoka na maji ya alfajiri, na hao wako kwenye ukurasa wa maji usiku wa leo. Vivyo hivyo fundi wa injini za boti, mwenye duka la nyavu na nyumba ya wageni ya Shela kwa kurasa za Kiingereza. Wanne hao wakilipa shilingi 1,500 kila mmoja ni 6,000 kwa mwezi. Na tangazo la barafu kwenye ukurasa wa maji liwe mstari mmoja wa maandishi na namba ya simu: halili bando na halisukumi jedwali.

Asiwauzie kwa hesabu ya mara ngapi ukurasa umefunguliwa. Muuza barafu haishi kwa takwimu. Amtengenezee kiungo cha WhatsApp kinachofungua ujumbe ulioandikwa tayari, “Nimeona namba yako kwenye saa za maji, nataka barafu,” na mwisho wa mwezi mwenyewe ataona kwenye simu yake wangapi walikuja. Wasipokuja, fundi asimdai mwezi mwingine.

Tabu iko kwenye kudai. Mteja wa Lamu ni jirani, au ni mtu wa nyumba moja na shemeji yako, na unamkuta barazani baada ya isha. Kumdai 1,500 mbele za watu ni haya. Kutomdai ni hasara. Na baada ya miezi mitatu ya salamu nzuri tangazo lipo na pesa haipo. Hapa ningekuwa mkali mapema: malipo ya miezi mitatu kwanza, kwa M-Pesa ya duka, risiti, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, ili tangazo likiondoka siku hiyo isiwe fundi ndiye aliyemfukuza mtu.

Miezi yenyewe ifuate biashara ya kila mmoja. Nyumba ya wageni inataka Desemba hadi Machi, kisha Julai na Agosti. Muuza barafu anataka kaskazi, wakati bahari imetulia na vyombo vidogo vinatoka. Mnada wa matangazo haujui kaskazi ni nini, na hapo ndipo fundi wa Langoni anapoizidi mashine.

Kodi tusiipite. Sheria ya Fedha ya 2023 iliyataja mapato ya maudhui ya kidijitali kwa jina na kuyawekea kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkaazi wa Kenya. Kwa kiasi hiki pesa si nyingi, lakini za AdSense zinaingia kwa benki na za mjini kwa M-Pesa, na zote mbili huacha alama. Aziweke pamoja na hesabu za duka la simu katika ritani yake ya mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni.

Tukijumlisha: AdSense kwenye kurasa za wageni peke yake ni dola 15, sawa na shilingi 1,950. Wafanyabiashara wanne, 6,000. Hiyo ni 7,950, karibu sawa na ile 8,000 ya mwenye boti, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumwamuru aandike nini. Mwenye boti akikubali ile 2,000, fundi anaipita hiyo 8,000. Malipo ya AdSense yatachelewa sasa, miezi saba badala ya mitano, na huenda zaidi msimu ukiwa mbaya, kwa hiyo ada ya seva asiitegemeze huko. Ailipe kwa pesa za mjini.

Mtihani utakuja Aprili. Kusi itakuwa imeanza, wageni wamepungua, muuza barafu amemaliza miezi yake na huenda asiongeze. Nafasi yake kwenye ukurasa wa maji ndiyo ya kumpa muuza nyavu, kwa maana vyombo vikikaa pwani ndipo watu hushona nyavu na kukarabati, na mazungumzo hayo fundi ayaanze Machi, mwenye duka akiwa bado hajaagiza mzigo wake kutoka Mombasa.